Bega la Mchumaji: Tiba ya Maungo Yaliyoteguka na Nafasi ya Dawa za Kihindi katika Jadida, Wete, Kisiwani Pemba

1.0 Utangulizi

Kila msimu wa karafuu kisiwani Pemba una hesabu mbili. Ya kwanza ni hesabu ya pishi, magunia na frasila, nayo huandikwa na mwenye shamba, na mnunuzi, na Serikali. Ya pili ni hesabu ya walioanguka mikarafuuni, nayo kwa sehemu kubwa ya historia ya zao hili imebaki vinywani mwa watu na katika miili yao. Makala hii inashughulikia sehemu ndogo ya hesabu hiyo ya pili, yaani bega. Inachunguza namna bega lililoteguka linavyotibiwa kwa mkono na kwa dawa za asili katika mazingira ya Jadida, na namna tiba hiyo inavyohusiana na tiba ya kale ya Bara Hindi ijulikanayo kwa jina la Ayurveda.

Jadida ni shehia iliyomo katika mji wa Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Jina lake ni la Kiarabu na maana yake ni "mpya". Wete ni mji wa bandari katika pwani ya magharibi ya kisiwa, na nyuma yake kuna mabonde na vilima vya mikarafuu. Mkazi wa Jadida, kwa hiyo, ameishi baina ya shamba kwa upande mmoja na duka na bandari kwa upande wa pili. Hoja kuu ya makala hii inatokana na nafasi hiyo. Ni rahisi kuona manjano na mafuta ya ufuta juu ya bega la mgonjwa, kisha kusema kwamba hii ni Ayurveda. Ni rahisi vilevile kusema kwamba yote ni tiba ya mababu isiyochanganyika na kitu. Kauli zote mbili hazitoshi. Tunadai kwamba mkono wa mganga ulifunzwa na shamba, ilhali sehemu ya dawa yake ililetwa na duka. Kwa maneno mengine, Ayurveda iliifikia Pemba zaidi kama bidhaa kuliko kama elimu.

2.0 Mkarafuu na Bega

Mkarafuu si mti wa asili wa Pemba. Asili yake ni visiwa vya Maluku katika Indonesia ya leo, nao ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na kuenezwa sana katika utawala wa Sayyid Said bin Sultan. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu la Zanzibar. Kazi ya kuchuma ilifanywa kwanza na watumwa. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, kazi hiyo ilizidi kuwa ya wakulima wadogo na vibarua, na malipo yakahesabiwa kwa pishi.

Malipo ya pishi yana maana kubwa kwa mada yetu. Karafuu huota kwenye ncha za matawi, na mti uliokomaa huweza kufikia urefu wa mita 10 hadi 15. Mchumaji husimama kwenye panda ya mti, mkono mmoja ukishika na mwingine ukichuma, na matawi ya mbali huyavuta kwa ngoweko au kwa kamba. Tawi la mkarafuu huvunjika kwa urahisi, na tena huvunjika ghafla. Anayelipwa kwa pishi hushawishika kuifuata ile ncha ambayo mwenziwe ameiacha, na ncha hiyo ndiyo iliyo mbali zaidi na shina.

Anguko humwumiza mchumaji bega kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kufika chini kwa mkono ulionyooshwa, ambapo uzito wa mwili wote hupanda kwa mkono hadi begani. Mara huvunjika mtulinga, mara huteguka kiungo chenyewe. Njia ya pili ni ya anayeponyoka na kudaka tawi. Mwili unashuka, mkono unabaki juu, na kichwa cha mfupa wa mkono huchomoka kuelekea mbele. Umbo la kiungo hiki linasaidia kueleza kwa nini ndicho kinachoteguka zaidi miongoni mwa viungo vikubwa vya mwili. Kichwa cha mfupa kimeegemea kikombe kisicho na kina katika kombe la mkono, mithili ya chungu kilichowekwa juu ya figa moja. Kinachokishikilia ni kano na misuli tu, na hizo zikikatika au kulegea, huteguka tena kwa sababu ndogo.

Kwa mchumaji, bega ni mtaji. Asiyeweza kuinua mkono juu ya kichwa hawezi kupanda mkarafuu. Hubaki chini kuchambua karafuu na kuzitenga na makonyo, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na wanawake, wazee na watoto. Tiba ya bega, kwa hiyo, ilikuwa pia suala la nani atarudi mtini na nani hatarudi.

3.0 Bega katika Vitabu vya Bara Hindi

Miongoni mwa vitabu vikuu vya Ayurveda, kinachozungumzia mifupa kwa upana zaidi ni Sushruta Samhita, mkusanyo wa kale wa Kisanskriti ambao sehemu zake ziliandikwa na kupangwa upya katika vipindi tofauti. Kitabu hiki kinagawa majeraha ya mifupa katika mafungu mawili: kuteguka kwa viungo, ambako kuna aina sita, na kuvunjika kwa mifupa, ambako kuna aina kumi na mbili. Mgawanyo huo unaonyesha kwamba wenye elimu ile waligusa na kulinganisha majeraha mengi kabla ya kuyapa majina.

Kuhusu bega lililoteguka, maelekezo yake ni ya wazi. Mganga huinua kwapa la mgonjwa kwa mchi, na mfupa ukisharudi mahali pake hulifunga bega kwa kitambaa kinachopishana kwa umbo la msalaba. Mabanzi hutengenezwa kwa magome ya miti maalumu au kwa mwanzi. Kifungo hufunguliwa na kufungwa upya kila siku ya saba wakati wa baridi, ya tano katika majira ya wastani, na ya tatu wakati wa joto. Kitabu kinatoa pia onyo. Kifungo kikilegea, kiungo hakitulii. Kikikazwa mno, ngozi huvimba, huuma na kutunga usaha. Tutarejea kwenye onyo hilo, kwa sababu halijazeeka.

Ayurveda hulitambua pia bega la namna nyingine, lile lililokauka na kukakamaa bila ya kuteguka. Maradhi hayo huelezwa kuwa ni upepo uliotuama begani na kukausha mafungo yake. Tiba yake hutegemea joto na kuchua kwa mafuta, na msingi wa mengi ya mafuta hayo ni ufuta.

4.0 Kufanana na Kurithiana

Msomaji anayelijua pwani letu atasema kwamba mambo haya si mageni kwake. Waganga wa mifupa wa pwani nao hupapasa kwa vidole, huvuta, hurudisha, hukanda kwa mafuta na kufunga mabanzi. Je, walijifunza kutoka India? Hapa panahitajika tahadhari, kwani kufanana si kurithiana.

Ushahidi bora ni ule ule mchi wa kwapani. Maandishi ya Kigiriki yanayonasibishwa na Hippocrates yanaeleza namna kadhaa za kurudisha bega kwa kuweka kitu kwapani na kuvuta mkono: kisigino cha mganga, bega la mtu mrefu, mti au ngazi. Wagiriki na Wahindi wangeweza kulifikia jambo hili kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu umbo la bega ni moja kila mahali na njia za kulirudisha si nyingi. Kiungo chenyewe ni mwalimu. Aliyewaona walioteguka ishirini amekwisha kufundishwa nacho, awe Benares, awe kisiwa cha Kos, awe Wete.

Hata hivyo, zipo njia za maandishi ambazo haziwezi kupuuzwa. Katika karne ya 8, Baghdad ya Waabbasi, waziri Yahya bin Khalid wa ukoo wa Barmaki aliagiza vitabu vya tiba vya Kihindi vifasiriwe. Ibn al-Nadim, katika orodha yake ya vitabu ya karne ya 10, anamtaja tabibu wa Kihindi aliyeitwa Manka kuwa ndiye mfasiri wa kitabu cha Sushruta. Ali bin Sahl Rabban al-Tabari aliweka muhtasari wa tiba ya Wahindi mwishoni mwa kitabu chake Firdaws al-Hikma. Baadaye al-Zahrawi wa Andalusia aliandika sehemu nzima juu ya upasuaji na viungo vilivyoteguka, naye alifuata zaidi mapokeo ya Kigiriki. Tiba ya Kiarabu, basi, ilikuwa bahari iliyopokea mito miwili. Kwa kuwa Uswahilini elimu ya maandishi ilipita kwa kiasi kikubwa katika Kiarabu, huenda wazo la Kihindi lilifika Pemba likiwa limevaa kanzu ya Kiarabu, na aliyelipokea asijue lilikotoka.

Kwa sababu hiyo, kufanana kwa mbinu hakutoshi kuwa ushahidi. Tunahitaji kipimo kingine, na makala hii inapendekeza viwili: bidhaa na neno.

5.0 Ushahidi wa Bidhaa

Biashara ya dawa baina ya Gujarati na Afrika ya Mashariki ni ya kale kuliko Uswahili wenyewe. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, unayataja mafuta ya ufuta na samli miongoni mwa bidhaa zilizoletwa kutoka Barygaza, Bharuch ya leo, hadi bandari za Pembe ya Afrika. Pemba yenyewe iliingia mapema katika mtandao wa Bahari ya Hindi. Uchimbaji wa kiakiolojia wa Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher katika eneo la Tumbe, kaskazini mwa kisiwa, umeonyesha makazi makubwa ya karne za 7 hadi 10 yaliyokuwa na bidhaa za ng'ambo.

Katika karne ya 19 mtandao huo uliingia hadi dukani. Wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao wakiwa wa Kachchh na Gujarati, walifungua maduka Unguja na katika miji ya Pemba. Walikopesha, walinunua karafuu na kuuza nguo, nafaka na viungo. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa karafuu za Zanzibar, hata mgomo wa mwaka 1937 hadi 1938, uliozuka baada ya Serikali ya kikoloni kukipa Chama cha Wakulima wa Karafuu uwezo mkubwa juu ya biashara hiyo, ulitikisa uchumi wa visiwa vyote viwili. Njia iliyopeleka karafuu Bombay ndiyo iliyorudi na manjano, mvuje, uwatu na ufuta. Duka moja liliuza kiungo cha mchuzi na dawa ya uvimbe, kwani mara nyingi vilikuwa kitu kimoja.

Hata hivyo, bidhaa hazikusafiri upande mmoja tu. Mbarika, ambao mafuta yake yana heshima kubwa katika Ayurveda kwa maradhi ya viungo, asili yake ni Afrika ya Mashariki na Kaskazini-Mashariki. Mkwaju, ambao Waarabu waliuita tende ya Hindi na wataalamu wa mimea wakaunasibisha na India, ni mti wa asili ya Afrika. Majani yake hutumika kukanda uvimbe pande zote mbili za bahari. Karafuu nayo ilikuwa dawa katika vitabu vya Kihindi karne nyingi kabla ya kupandwa Pemba. Mafuta yake hutia ganzi, na madaktari wa meno wameyatumia kwa sababu hiyo. Mpemba anayepaka mafuta ya karafuu begani anatumia mti wa Maluku uliojulikana India kama dawa na kuletwa Zanzibar kama biashara, na mti huo huo ndio uliomwangusha.

Kinachojitokeza ni hiki: bidhaa za Ayurveda zilifika, lakini taasisi zake hazikufuatana nazo kwa kiwango hicho. Mfano mmoja unatosha. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, alipotaka kuacha kumbukumbu ya tiba mjini Unguja, aliwekea jiwe la msingi jengo la hospitali mwaka 1887. Jengo hilo, lililokuja kutumika kama zahanati na duka la dawa, lingali likisimama. Halikuwa chuo cha Ayurveda. Elimu ya mchi wa kwapani na aina sita za kuteguka haikupata darasa. Kilichovuka kaunta ya duka ni unga, mizizi na mafuta. Mnunuzi ndiye aliyeamua vitumikeje.

6.0 Ushahidi wa Neno

Kipimo cha pili ni lugha. Kitenzi ganga katika Kiswahili hakina maana ya kutibu tu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inakipa pia maana ya kutengeneza kilichoharibika na kukirejesha katika hali yake. Gango ni kipande kinachoshikanisha vitu viwili, kama anavyofanya seremala au fundi wa vyombo vya bahari, na ndilo jina la banzi linalofungwa kwenye mfupa. Mganga, kwa hiyo, ana udugu wa karibu na fundi.

Neno hili si la kuazima. Nganga, au umbo lililo karibu nalo, hupatikana katika lugha za Kibantu kutoka Kongo hadi Zimbabwe. Msamiati wa kiungo chenyewe nao ni wa nyumbani: bega, kwapa, fuzi, kombe la mkono, mtulinga, kuteguka, kukanda, kuchua. Mbali na majina ya baadhi ya dawa, ni vigumu kupata katika kazi ya mganga wa mifupa neno la Kisanskriti au la Kigujarati linalotaja tendo la mkono. Kama elimu ya kurudisha bega ingefundishwa Pemba na walimu wa Ayurveda, tungetarajia walau istilahi chache za kazi zibaki, kama zilivyobaki istilahi za Kiarabu katika sheria na unajimu.

Hoja ya kimya cha lugha haipaswi kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Hata hivyo, ikiwekwa pamoja na ushahidi wa bidhaa, sura inayopatikana ni moja. Mkono ni wa hapa. Dawa ni ya bahari nzima.

7.0 Hospitali, Fidia na Mipaka ya Mkono

Katika karne ya 20 mganga wa mifupa alipata jirani. Hospitali zilijengwa katika miji ya Pemba, na baada ya Mapinduzi ya 1964 huduma za afya zilitangazwa kuwa bure. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakihudumu Zanzibar tangu miaka hiyo ya mwanzo, na Hospitali ya Abdalla Mzee huko Mkoani ilifunguliwa upya mwaka 2016 baada ya kujengwa kwa msaada wa China. Mganga, hata hivyo, hakutoweka. Yuko karibu, anajulikana na ukoo, huanza kwa Bismillahi, na hamwulizi mtu karatasi.

Historia yenye uadilifu haina budi kutaja pia anachokosa. Vidole hutambua kwamba mfupa umetoka, lakini haviwezi kuona kama umepasuka pia. Bega lililopasuka likivutwa kwa nguvu, ufa mdogo huweza kuwa mkubwa. Ganzi kwenye ngozi ya upande wa nje wa bega ni dalili ya kuumia kwa mshipa wa fahamu, nayo hutakiwa kuangaliwa kabla ya kuvuta na baada yake. Bega lililokaa nje kwa wiki tatu au zaidi hurudi kwa shida, na mara nyingi halirudi bila ya upasuaji. Mabanzi yaliyokazwa sana huzuia damu, na mkono huweza kuoza. Hilo la mwisho ndilo onyo lenyewe la Sushruta. Laiti Ayurveda ingefika kama elimu, pamoja na kanuni yake ya kufungua kifungo kila siku ya tatu wakati wa joto, labda mikono kadhaa ingeokoka katika kisiwa hiki cha joto. Duka liliuza dawa, halikuuza tahadhari.

Upo pia upungufu wa aina nyingine, usio wa mganga. Katika miaka ya karibuni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar limekuwa likitoa fidia kwa wachumaji walioanguka mikarafuuni. Hatua hiyo ina uzito wa kihistoria, kwani kwa mara ya kwanza hesabu ya pili tuliyoitaja mwanzoni inaanza kuandikwa. Lakini fidia ya aina yoyote hutegemea ushahidi, na tiba ya mganga haiachi hati. Aliyetibiwa nyumbani akapona nusu anaweza kubaki na bega bovu asiweze kulithibitisha. Kwa namna hii, pengo baina ya tiba mbili hugeuka kuwa pengo la haki.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba tiba ya bega katika mazingira kama ya Jadida haiwezi kuelezwa kwa jina moja. Mbinu za mkono zinafanana na zile za Sushruta kwa sababu bega ni lile lile, na lugha ya kazi hiyo inaonyesha mizizi ya Kibantu. Dawa, kwa upande wake, ni zao la biashara ya Bahari ya Hindi iliyochukua mbarika na kuleta manjano. Ayurveda ilichangia, lakini ilichangia kupitia mizani ya muuza duka.

Matokeo haya yana faida kwa anayepanga sera ya tiba asili. Kuipa tiba ya Jadida jina la Ayurveda kwa ajili ya heshima ya jina kutafunika ujuzi wa wenyeji. Kuiita ya asili tupu kutafunika kile kilichokuwamo katika vitabu na ambacho wenyeji hawakupewa, hasa kanuni za kufunga na kufungua. Lililo bora ni kuuchukua mkono na tahadhari kwa pamoja. Waganga wa mifupa waandikwe kwa majina yao na waelekezwe dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali bila ya kuchelewa, na kila anguko liingizwe katika daftari, awe aliyeanguka ametibiwa hospitali au nyumbani.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo imechagua kitenzi kile kile cha mganga. Kuganga yajayo, kwa upande wa mchumaji wa karafuu, kunaanza kwa kukubali kwamba yaliyopita hayakupata kuandikwa.